Kuiga uzalishaji wa mafuta kwenye mwamba wenye nyufa: anza na pande moja

Kwenye mwamba wenye nyufa, mafuta hukaa mahali pamoja na kusafiri kupitia pengine. Yamo ndani ya mapande ya mwamba, ambayo hupitisha kwa shida. Njia ya kuyafikisha kisimani ni nyufa, ambazo zenyewe hazina nafasi ya kubeba akiba ya maana. Kinachoamua matokeo, basi, ni kasi ya pande kuukabidhi ufa mafuta yake, na nguvu inayoyasukuma. Ukiijenga kwenye kompyuta gridi ya uwanja mzima wa mafuta, yaani kuugawa kuwa seli ndogo ndogo, kabla ya kulijua hilo, utatumia wiki nyingi kurekebisha namba zisizo na maana. Ndiyo sababu hapa tunaanza na pande moja.

Msingi ni modeli ya vinyweleo (vitundu vidogo ndani ya mwamba) viwili ya Barenblatt na wenzake (1960), iliyoingizwa kwenye uhandisi wa mafuta na Warren na Root (1963): kila mahali pana seli mbili, moja ya mapande na moja ya nyufa, zinazopeana majimaji. Amri nitakazotaja ni za ECLIPSE, programu ya kompyuta ya kuiga uzalishaji wa mafuta, lakini fizikia haibadiliki ukitumia programu nyingine.

Hatua ya 1: Hakikisha modeli hii inafaa

Linganisha upenyezaji (uwezo wa kupitisha majimaji, unaopimwa kwa millidarcy, mD) wa sampuli za mwamba na ule unaotoka kwenye jaribio la shinikizo la kisima. Katika mfano wetu sampuli zinatoa 1 mD na jaribio 56 mD. Pengo kama hilo linaonyesha kwamba nyufa zimeungana na ndizo zinazopitisha. Namba zikikaribiana, nyufa unazoziona kwenye picha za ukuta wa kisima huenda zimezibwa na madini au hazishikani, na modeli ya kawaida inatosha. Na kama uwanja umekatwa na nyufa chache ndefu, usizigeuze kuwa wastani. Zichore moja moja.

Hatua ya 2: Pata upana wa ufa kwa kurudi nyuma

Usipime upana kwenye sampuli iliyokwisha kutolewa ardhini. Mzigo wa mwamba umeondoka, na ufa umefunguka kuliko ulivyokuwa chini. Anza na jaribio la kisima. Kwa seti tatu za nyufa zinazokata mwamba kuwa mapande ya mchemraba, upenyezaji wa jumla ni k = b³/(6s), ambapo b ni upana wa ufa na s ni umbali kati ya ufa na ufa.

Chukua s = 3 m na k = 56 mD, yaani takriban 5.5 × 10⁻¹⁴ m². Unapata b ya 0.1 mm. Sehemu ya ujazo wa mwamba inayochukuliwa na nyufa ni 3b/s = 0.0001, yaani asilimia 0.01. Ukiona mtu ameweka asilimia 1 kwa nyufa za aina hii, muulize ameitoa wapi.

Hapa pana mtego mkubwa. Ndani ya ufa mmoja upenyezaji ni b²/12, karibu darcy 844, lakini hiyo si namba ya seli. ECLIPSE, usipoiambia vinginevyo, huzidisha upenyezaji wa nyufa kwa uvinyweleo wa nyufa, yaani ile sehemu ya ujazo ya 0.0001. Ukiingiza 56 mD, ambayo tayari ni ya jumla, bila kuandika NODPPM, amri ya kuzuia uzidishaji huo, programu itaizidisha kwa 0.0001 na uwanja wako utakuwa jiwe kavu. Modeli itaendeshwa bila kulalamika. Visima tu ndivyo vitakavyokufa.

Hatua ya 3: Iga pande moja kwa gridi ndogo ndogo

Tengeneza pande la 3 m kwa modeli ya kawaida, isiyo ya vinyweleo viwili: uvinyweleo 0.20, upenyezaji 1 mD. Seli zinazogusa ufa ziwe na unene wa 1 cm, kisha zinenepe polepole kuelekea katikati. Lizungushie seli za ufa zilizojaa maji, zenye ujazo wa kutosha ili zisiishiwe. Ili kuokoa muda unaweza kukata pande kwa ulinganifu, lakini kwa mlalo tu: chukua robo yake, urefu wote wa kwenda juu ubaki. Ukilikata nusu kwa wima umeondoa kazi ya uzito.

Kabla ya kuendesha, kadiria jibu kwa mkono. Kwa mwamba unaopenda maji sana, Ma, Morrow na Zhang (1997) walionyesha kwamba mafuta yanayotoka kwa mwamba kufyonza maji hufuata kwa ukaribu 1 − e^(−0.05 tD), ambapo

tD = t · √(k/φ) · γ / (√(μw·μo) · Lc²)

t ni muda, k upenyezaji, γ mvutano kati ya mafuta na maji, φ uvinyweleo, μw na μo mnato wa maji na wa mafuta, Lc urefu-wakilishi wa pande. Kwa mchemraba ulio wazi pande zote sita, Lc² = s²/12, hapa 0.75 m². Weka γ = 0.03 N/m, mnato wa maji 0.5 mPa·s na wa mafuta 1 mPa·s. Nusu ya mafuta yanayoweza kutoka yatatoka kwa siku 40 hivi. Pande la 6 m litahitaji mara nne, siku 160. Modeli yako ya pande ikisema miaka 10, kuna kosa, na mara nyingi liko kwenye jedwali la shinikizo la kapilari (nguvu ya vinyweleo kuvuta maji): vipimo vimechanganywa, au umetumia mkunjo wa maji kuondolewa badala ya wa maji kufyonzwa.

Mwamba usiopenda maji ni habari nyingine. Kufyonza hukoma mapema, na sehemu kubwa ya mafuta hubaki hadi uzito au kemikali isaidie. Tabia hii ipime maabara, usiibahatishe.

Gesi ikiwa ndiyo inayojaza nyufa, fanya hesabu moja zaidi. Mafuta hushuka kwa uzito wake pale tu pande linapokuwa refu kuliko Pce/(Δρ·g), Pce ikiwa shinikizo la gesi kuingia kwenye vinyweleo, Δρ tofauti ya msongamano kati ya mafuta na gesi, na g mchapuko wa uvutano wa dunia. Kwa Pce ya 20 kPa na tofauti ya msongamano ya 600 kg/m³ unapata 3.4 m. Pande letu la 3 m halitoi chochote! Mafuta yakitoka hata hivyo kwenye uwanja halisi, dalili ni kwamba mapande yamegusana na kapilari inapita kutoka moja hadi jingine. Hapo DUALPORO, amri ya modeli ya vinyweleo viwili, haitoshi, kwa kuwa mapande yake hayasemezani. Tumia DUALPERM, inayoruhusu mtiririko kati ya pande na pande, na ukubali gharama ya muda.

Hatua ya 4: Chagua kizidishio cha umbo (SIGMA)

SIGMA huamua kasi ya pande na ufa kupeana majimaji. Kwa mchemraba, Kazemi na wenzake (1976) wanatoa 12/s², Lim na Aziz (1995) 29.6/s², Warren na Root 60/s². Kwa pande letu ni 1.33, 3.29 na 6.67 kwa mita ya mraba. Tofauti ni mara tano, na hakuna mabishano yatakayoimaliza. Endesha seli moja ya vinyweleo viwili, ibadilishe SIGMA mpaka mkunjo wake ukaribiane na wa pande la hatua ya 3. Mwanzoni hautakubali: modeli hii hudhani pande lote lina shinikizo moja la wastani, hivyo hupunguza mtiririko wa siku za kwanza. Linganisha kati ya asilimia 30 na 80 ya mafuta yanayotoka. Siku za mwanzo zikiwa muhimu kwako, gawanya pande kuwa maganda ndani ya maganda.

Hatua ya 5: Jenga gridi

NZ, idadi ya tabaka za gridi, lazima igawanyike kwa mbili. Nusu ya kwanza ya tabaka ni mapande, nusu ya pili ni nyufa; DPGRID hunakili umbo la gridi kutoka mapande hadi nyufa. Unganisha visima na tabaka za nyufa. Zipe nyufa jedwali lao: upenyezaji-linganishi (sehemu ya upenyezaji ambayo kila kimiminika hupata) wa mistari iliyonyooka, kapilari sifuri.

Seli ya 100 × 100 × 5 m ina mita za ujazo 10,000 za vinyweleo vya mapande, na 5 tu za nyufa. Ukinakili MINPV (kikomo cha chini cha ujazo wa vinyweleo wa seli) ya 500 kutoka modeli ya zamani, nyufa zote zitafutwa. Kisima cha mita za ujazo 500 kwa siku nacho hupitisha ujazo wa seli hiyo mara 100 kila siku, kwa hiyo tumia suluhisho fungamanifu kamili (fully implicit), anza na hatua ya siku 0.01, na usivuke siku 30.

Kisha funga visima vyote na uendeshe mwaka mmoja. Shinikizo likisogea, mapande na nyufa hazikuanza zikiwa na uwiano.

Hatua ya 6: Kulinganisha na historia

Fuata mpangilio huu: shinikizo kwanza, kisha tarehe ya maji kufika kila kisima, mwisho kasi ya maji kuongezeka. Tarehe ya kufika husemea mwelekeo na muungano wa nyufa. Kupanda kwa maji baada ya hapo husemea SIGMA na kapilari. Ukivirekebisha vyote pamoja, utapata mkunjo mzuri kwa sababu mbaya, na utabiri utavunjika mara tu kiwango cha kudunga maji ardhini kitakapobadilika.

Shinikizo likishuka sana, weka pia jedwali la nyufa kujifunga. Upenyezaji hufuata mchemraba wa upana: ufa ukipungua kwa asilimia 20, unabaki na asilimia 51 ya uwezo wake. Kwenye chaki laini hata mapande hujikunja. Ekofisk, Bahari ya Kaskazini, sakafu ya bahari ilizama kiasi kwamba mwaka 1987 majukwaa yaliinuliwa mita 6, mwaka uleule udungaji maji ulipoanza kwa kiwango kikubwa. Kwa mwamba wa namna hiyo, unganisha uigaji wa majimaji na wa mkazo wa mwamba tangu mwanzo, kwa sababu mafuta yanayosukumwa na kujikunja kwa mwamba yataonekana kwenye modeli kama kapilari yenye nguvu isiyokuwepo.