Kuunda molekuli ya kuchunguza shaba kwenye amiloidi-beta

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia aliyepewa mradi wa Alzheimer na bado anakuna kichwa. Amiloidi-beta ni kipande cha protini kinachorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa. Shaba na zinki hukinasa karibu na mwanzo wa mnyororo wake, hasa kwenye histidini namba 6, 13 na 14. Molekuli yako iwe na kazi mbili: kuifikia protini, na kuishika metali iliyomo.

Hatua ya 1: Chora

Thioflavini-T, rangi ya maabara inayong'ang'ania nyuzi za amiloidi, ina pete ya benzini yenye dimethilamino. Chukua kipande hicho, kipe atomu za kushika metali. Mfano ninaoupenda ni L2-b: pete hiyo imeunganishwa na piridini kwa kiungo kifupi chenye naitrojeni, na naitrojeni mbili zinaibana shaba kama koleo. Uzito wake ni daltoni 227 tu.

Usitafute koleo kali kuliko zote. Vimeng'enya vya mwili kama SOD1 vinaihitaji shaba yao, na vinaishika kwa nguvu kuliko amiloidi-beta. Nguvu ya molekuli yako ikae katikati: izidi ya amiloidi-beta, isifikie ya vimeng'enya. Kumbuka pia kwamba si kila kishika metali ni salama: kliokwinoli, dawa inayoshika shaba na zinki, ilisimamishwa Japani mwaka 1970 kwa kuhusishwa na ugonjwa wa neva wa SMON.

Hatua ya 2: Chuja

Ili ivuke kutoka kwenye damu kuingia ubongoni: uzito usizidi daltoni 450, logP (kipimo cha kupenda mafuta kuliko maji) isizidi 5, eneo la polari (sehemu ya uso inayopenda maji) lisizidi 90 Å². Kompyuta inakumalizia hili upesi, songa mbele.

Hatua ya 3: Bafa

Bafa ni kimiminika kinachotuliza pH. Tumia HEPES, pH 7.4, chumvi 150 mM, uipitishe kwanza kwenye resini ya Chelex iondoe mabaki ya metali. Fosfeti usiiguse! Niliwahi kuitumia kwa uvivu, kwa kuwa ilikuwa tayari kabatini. Nilipotia zinki, kichupa kikawa cheupe kama tui la pili, nikashangilia kwamba protini imeganda. Kumbe ni fosfeti ya zinki. Protini hata sikuwa nimeitia.

Hatua ya 4: Changanya

Tia amiloidi-beta 25 µM, kisha CuCl₂ 25 µM. Subiri dakika 2, ndipo utie molekuli 50 µM. Tikisa kwa nyuzi joto 37 kwa saa 24. Andaa pia kichupa kisicho na metali: molekuli ikifanya kazi vilevile humo, huwezi kudai kwamba inalenga metali.

Pima kwa jeli na 6E10, kingamwili inayoitambua amiloidi-beta, kisha darubini ya elektroni. Mwanga wa thioflavini-T pekee unadanganya, maana molekuli iliyochorwa kwa kuiiga huweza kugombea nafasi ileile. Na jeli nayo ina mtego wake: mstari wa protini na shaba bila molekuli huonekana karibu mtupu, kwa sababu marundo makubwa yamekwama mlangoni mwa jeli. Mstari wenye molekuli ukipakaa weusi mrefu, usikate tamaa. Ni marundo madogo yaliyoweza kuingia.

Hatua ya 5: Askobati

Sasa pima kama molekuli inaizuia shaba kuchezesha elektroni. Tia askobati (vitamini C) na ufuatilie inavyofyonza mwanga wa 265 nm. Shaba ikiendelea kuchezesha elektroni, askobati inaliwa na mstari wa grafu unashuka. Weka EDTA, koleo kali la metali, pembeni kama kipimo cha kulinganisha: hapo mstari unapaswa kulala. Usipolala, rudi ukague bafa.