Jinsi ya kupima kama takwimu za mpokeaji wa NFL zinastahili mkataba mnono

Msimu wa mikataba ukifika, ubishi wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ni uleule: huyu mpokeaji (mchezaji anayedaka pasi) analipwa haki yake, au anabebwa na timu? Nimezifanya hesabu hizi kwa misimu kadhaa, na hazihitaji zaidi ya karatasi na kikokotoo. Tuzipitishe kwa watatu waliosaini mwaka 2024: Justin Jefferson wa Minnesota Vikings, CeeDee Lamb wa Dallas Cowboys na Brandon Aiyuk wa San Francisco 49ers.

Hatua ya 1: Gawa yadi kwa mechi

Yadi 1,000 kwa msimu, yaani umbali ambao timu inasonga mbele kwa pasi anazodaka, ni kipimo kilichochakaa. Tangu 2021 kila timu hucheza mechi 17 badala ya 16, hivyo wastani wa yadi 59 kwa mechi unatosha kumfikisha mtu hapo. Jefferson mwaka 2023 alipata yadi 1,074, wakati mwaka uliotangulia alikuwa na 1,809. Anayetazama jumla atasema kijana ameporomoka. Lakini alikosa mechi 7 kwa jeraha la msuli wa paja. Gawa kwa mechi 10 alizocheza: 107, juu kidogo ya 106 za 2022.

Hatua ya 2: Gawa tena kwa mipira aliyotupiwa

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo nenda taratibu. Mwaka 2023 Lamb alidaka mara 135 kwa yadi 1,749. Aiyuk alidaka mara 75 kwa yadi 1,342. Ukiishia hapo, hakuna mashindano. Sasa hesabu mipira waliyotupiwa, iliyodakwa na isiyodakwa: Lamb 181, Aiyuk 105. Kila mpira uliomwelekea Lamb ulizaa yadi 9.7, wa Aiyuk, 12.8. Kwotabeki (mrushaji wa pasi) wa Dallas, Dak Prescott, alirusha pasi 590 msimu ule, na Brock Purdy wa San Francisco 444 tu. Aiyuk alipakuliwa kidogo, akakila chote.

Je, basi Aiyuk ni bora? Hapana, na nalisema hili kwa uzito. Mtu anayetupiwa mipira 181 kila mlinzi anajua mpira unamjia, na bado anapata nafasi. Ufanisi hushuka mzigo unapoongezeka. Namweka Lamb juu, ila pengo ni dogo kuliko jumla zinavyoonyesha.

Hatua ya 3: Mwondoe kwotabeki

Tafuta mechi ambazo mrushaji wa kawaida hakuwepo. Kirk Cousins, kwotabeki wa Vikings, alichanika kano ya kisigino Oktoba 2023. Jefferson akamaliza msimu na warushaji wa akiba, na katika mechi 4 za mwisho akapata yadi 476, wastani wa 119. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika faili lake. Aiyuk naye mwaka 2022 alivuka yadi 1,000 huku timu ikipitia warushaji watatu. Hata hivyo, pembeni yake walikuwepo wadakaji wengine hodari, George Kittle na Deebo Samuel, na walinzi hawakuweza kummiminikia peke yake.

Hatua ya 4: Geuza dola kuwa asilimia

Usilinganishe dola za miaka tofauti. Ukomo wa mishahara ya timu, yaani kiasi cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa msimu, ulikuwa dola milioni 255.4 mwaka 2024, ukapanda hadi 279.2 mwaka 2025. Jefferson alisaini milioni 140 kwa miaka 4, yaani 35 kwa mwaka: asilimia 13.7 ya ukomo. Lamb, milioni 34, ni asilimia 13.3. Aiyuk, milioni 30, ni 11.7. Mpokeaji mwingine, Ja'Marr Chase, aliposaini kwa wastani wa milioni 40.25 mwaka 2025 watu walishika vichwa, kumbe ni asilimia 14.4 tu.

Wastani wenyewe pia uukague. Mkataba wa mpokeaji Tyreek Hill wa 2022 ulitangazwa kuwa milioni 30 kwa mwaka, lakini mwaka wa mwisho ulibebeshwa milioni 45 ambazo klabu haikulazimika kuzilipa. Uondoe, wastani unashuka hadi 25. Kwa Jefferson, ongeza mwaka wa milioni 19.7 aliokuwa bado nao kwenye mkataba wa awali, na wastani wa miaka 5 unakuwa takriban 32.

Hatua ya 5: Soma pesa zilizohakikishwa

Hizi ni pesa ambazo klabu imeahidi kumlipa mchezaji hata ikimwacha. Kwa mamilioni ya dola: Jefferson 110, Lamb 100, Aiyuk 76. Klabu zenyewe zimewapanga.

Oktoba 2024 Aiyuk aliumia vibaya goti baada ya mechi 7, na wengi wakaanza kuuita mkataba wake kosa. Usiingize jeraha hilo kwenye hesabu ya Agosti. Siku aliposaini, halikuwepo. Hukumu yangu kwa takwimu za siku ile: Jefferson anastahili kila senti, Lamb anastahili, Aiyuk anastahili kwa asilimia 11.7 ya ukomo. Angedai 13, ningekataa.