Jinsi ya kupima sinema za wauza magari, kwa jicho la dalali wa Kinondoni

Mimi nauza magari yaliyotumika hapa Kinondoni, kwa hiyo vichekesho vya wauza magari vinanifika tofauti. Wewe unacheka, mimi namkagua muuzaji. Ukitaka kujua ipi kali kati ya kadhaa, achana kwanza na nani anachekesha zaidi. Angalia anampiga mteja kwa kutumia nini: gari lenyewe au mdomo?

Tuchukue nne za Marekani: Used Cars (1980) ya Robert Zemeckis, Cadillac Man (1990) ya Robin Williams, Matilda (1996) aliyoiongoza Danny DeVito, na The Goods (2009) ya Jeremy Piven.

Tazama mwanzo wa hizo tatu za wakubwa, mfululizo, kabla hujamaliza hata moja. Kurt Russell kwenye Used Cars anarudisha nyuma maili za gari, lionekane halijatembea sana. Piven yuko ndani ya ndege, anawalainisha abiria mpaka sigara iruhusiwe. Robin Williams naye anakuta gari la maiti limekufa njiani, msafara wa mazishi umesimama, anashuka kumuuzia gari mjane. Mjane! Sisi madalali tunafuata watu hadi kwenye foleni ya sheli, lakini kaburini hatujafika. Basi umeshajua: Russell ni mtu wa gari, wale wawili ni watu wa sound, yaani mdomo.

Hila ya gari mpelekee fundi. Mimi nilimwonyesha wa kwetu kile kipande cha Matilda ambapo DeVito, akicheza Bwana Wormwood, anamfundisha mwanawe biashara: vumbi la mbao kwenye giaboksi, gundi kwenye bampa, drili ya kurudisha maili. Fundi akafuta mikono, akasema nirudishe nyuma, akatazama tena kimya. "Huyu kazi anaijua." Vumbi hilo linaficha kelele za gia kwa muda, mteja akishafika kwake, giaboksi inamfia mikononi. Hapa mjini wenye tabia hizo wanamwaga oili nzito kwenye injini inayogonga. Mchezo ni uleule, ndiyo maana kichekesho kile hakihitaji maelezo. Halafu gundi inakuja kumgandisha DeVito kofia kichwani. Huo ndio uandishi: hila inarudi kwa mwenyewe.

Kisha uliza nani anaumia. Kuchezea maili Marekani kulipigwa marufuku na sheria ya mwaka 1972, kwa hiyo Russell ni mhalifu tangu anapoanza. Mbona tunamshangilia? Kwa sababu jirani yake ni mbaya zaidi. Jack Warden amecheza ndugu pacha wenye yadi zinazotazamana, na yule mbaya anamwua nduguye mgonjwa wa moyo, bosi wa Russell, ili achukue yadi. Ukiwa na adui wa namna hiyo, hata mbwa wenu tapeli anapendeza. Na yupo kweli: Toby anajilaza kama amegongwa, mteja anaingiwa na huruma, ananunua. Ningekuwa na mbwa huyo, magari ya namba E, yale ya usajili wa karibuni, yote yangeisha yadini.

The Goods naiweka mwisho. Piven anaongea vizuri, lakini wateja ni umati tu, humkumbuki hata mmoja, na gari lolote lingeweza kuwa friji. Cadillac Man inaanza kwa moto, halafu mume mwenye wivu anaingia na bunduki kuwateka watu, na biashara ya magari inasahaulika. Ni nzuri, ila kwangu inapoteza alama hapo. Used Cars ya kwanza, Matilda inaifuata kwa karibu sana.

Kama nyumbani kuna watoto, anza na Matilda. Used Cars ina matusi na watu kuvuliwa nguo. Subiri walale, na kama mama mkwe amekuja kutoka Tanga, subiri arudi Tanga.