Dakika kumi kila siku: jinsi ya kumsaidia mtu mzima asipoteze kingereza chake

Kama unafundisha watu wazima jioni, au nyumbani una mama au shemeji anajifunza, hili utakuwa umeliona. Jumamosi anaongea vizuri tu, Jumamosi inayofuata anarudi kapoa kama chai ya jana. Akili anazo, ila wiki nzima mdomo haujagusa kingereza, ataongea na nani? Kwenye daladala Kiswahili, sokoni Kiswahili, nyumbani ndo usiseme.

Darasa langu ni madereva, mama lishe wawili na fundi aluminiamu mmoja, na nilipoteza miezi nawapa homuweki ya kurasa tatu, hakuna aliyefanya. Mtu katoka kwenye foleni ya Ubungo saa mbili usiku, hajala, umpe kurasa tatu? Nikashusha mpaka dakika kumi, na meza haihitajiki.

Cha kwanza zifunge hizo dakika kwenye kitu anachofanya kila siku. Ukimwambia "ukipata nafasi" hiyo nafasi haitakaa ipatikane. Mama lishe mmoja anafanya alfajiri akisubiri maharage, anataja anachokiona mbele yake: "I am washing rice. The water is hot." Sentensi tano sita hivi, kwa sauti. Kwa sauti jamani, maana ukisoma kimoyomoyo unajiona unajua, subiri mtu akuulize ndo utajua hujui.

Alafu kuna voisi. Fungua grupu la WhatsApp, kila mtu voisi moja kwa siku, isizidi dakika moja, aeleze siku yake ilivyokuwa. Na wewe usisahihishe kila kitu, utawafunga midomo, chagua kosa moja la wiki hayo mengine yaache yapite. Kwetu sisi linaloongoza ni "he" na "she", kwasababu Kiswahili yeye ni yeye tu, awe baba awe mama. Dereva mmoja alirekodi "My wife, he is sleeping", grupu likacheka siku mbili. Sikumwambia kakosea, nilimrudishia voisi tu, "Oh, she is sleeping? Is she tired?" Akajibu "Yes, she is tired". Imeisha hiyo. Wiki nzima voisi zikawa za mashangazi na wajomba.

Wiki nyingine ikawa saa, na hapa ndo watu wanalia. Mteja wa hoteli kamwambia dereva wetu "two o'clock", jamaa katokea saa mbili usiku wakati mtu kasimama na mabegi tangu saa nane mchana. Ukimuuliza anajua kabisa kwamba tunapishana masaa sita, anajua, ila kichwa kikishasikia "two" kinakimbilia saa mbili. Dawa yake ndogo: saa ya simu ishaandikwa kizungu tayari, 2:00, sisi ndo tunaigeuza kuwa saa nane, kwa hiyo kila akiishika simu aitaje kwanza kama ilivyoandikwa. Sekunde tatu.

Kusikiliza, BBC wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, ni cha bure na ni dakika sita kama jina lake. Adownload kwenye waifai, alafu arudie kile kile siku tatu: siku ya kwanza asikilize tu, ya pili asimamishe na kurudia sentensi, ya tatu amsimulie mtu walichoongea. Vipindi vitatu tofauti kwa siku tatu vinapita kama upepo.

Maneno mapya matatu kwa siku yanatosha. La leo muulize kesho, tena baada ya siku tatu, tena wiki ijayo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika tangu 1885 kwamba kusahau kwingi kunatokea mapema sana, kwa hiyo ukisubiri mpaka Jumamosi umeshachelewa.

Na siku ataruka tu, kuna misiba, kuna mtoto kuumwa. Akirudi usimdai madeni ya wiki nzima maana atakimbia moja kwa moja, mwambie atume voisi moja ya leo basi. Bando likiisha arekodi hivyo hivyo kwenye simu, ataituma akipata.