Mada yako imekataliwa eti ni "nyeti"? Usiifute kwanza

Mada nyingi nzuri za utafiti zinafia ofisini kwa msimamizi, yule mhadhiri anayekuongoza kwenye utafiti. Unapeleka propozo, yaani andiko la utafiti unaotaka kufanya, anasoma kurasa mbili anakwambia hii ni nyeti bwana tafuta nyingine, unarudi umenywea, unafuta kila kitu unaandika kitu salama ambacho hata mwenyewe hukipendi. Kabla hujafika huko kuna vitu vya kufanya na vingi havihitaji ugomvi na mtu yeyote.

Anza kwa kujua umekataliwa kwa sababu gani. Msimamizi akisema nyeti anaweza kuwa anamaanisha kwamba watu utakaowahoji wanaweza kudhurika, au data huipati maana ofisi yenye nyaraka haitakufungulia, au swali lako limekaa kama hukumu imeshatoka, au anaogopa tu yeye binafsi, anamuogopa mkubwa wake. Hizo za mwanzo ni hoja za kitaaluma kabisa na mara nyingi yuko sahihi. Ni hiyo ya mwisho ndo inagusa uhuru wa kitaaluma, na mi naona wengi wanakimbilia kulalamika wamenyimwa uhuru wakati shida ilikuwa methodolojia, yaani namna ya kufanya utafiti wenyewe, halafu wakija kubanwa kweli hakuna anayewasikiliza.

So muulize, na umuulize kwa maandishi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari Dokta. Asante kwa muda wako jana. Kama nimekuelewa vizuri, unashauri nibadilishe mada kwa kuwa ni nyeti. Naomba unisaidie kujua shida hasa iko wapi, ni usalama wa watakaohojiwa, ni upatikanaji wa data, au ni namna nilivyouliza swali? Nikishajua nitairekebisha na kukuletea tena."

Hiyo imeili haina shari hata kidogo ila inafanya kazi kubwa, mwenye hoja atakujibu hoja yake na utafaidika, na asiye na hoja atakuita ofisini mwongee kwa mdomo tu. Akikuita nenda, msikilize kwa heshima zote, ukitoka siku hiyo hiyo andika nyingine fupi "kama tulivyozungumza leo, umenishauri hivi na hivi, kama nimekosea naomba unisahihishe". Asipokusahihisha basi una kumbukumbu yenye tarehe. Habari za kumrekodi kwa simu kimyakimya achana nazo, sehemu nyingine ni kosa na likijulikana mjadala wote unahama kutoka kwenye mada yako unakuja kwenye tabia yako.

Sasa swali lenyewe. Hapa ndo pana kazi na ndo watu hawataki kukaa. Chukua mada kama "Jinsi uongozi wa vyuo unavyokandamiza wanafunzi". Umeshahukumu kwenye kichwa cha habari, utafiti wa nini tena? Yeyote anayetaka kuikataa hiyo mada umempa sababu mkononi. Igeuze iwe "Malalamiko ya wanafunzi yanashughulikiwaje: uchambuzi wa kanuni za nidhamu na utekelezaji wake". Jambo ni lile lile, na kama ukandamizaji upo data itausema yenyewe kwa sauti kubwa kuliko kichwa chako cha mwanzo, na kama haupo utakuwa umejifunza kitu. Tena sasa una pa kuanzia, kanuni ziko kwenye kijitabu cha mwanafunzi, unaweza kusoma kinachotakiwa kufanyika kabla mtu hajasimamishwa masomo halafu ukalinganisha na kilichofanyika. Kwenye mada ngumu nyaraka ya wazi ina nguvu kuliko mahojiano kumi ya watu wasiotaka kutajwa.

Ukilazimika kuhoji watu, walinde kweli na sio kwa kuandika tu "majina yamehifadhiwa". Ukiandika "katibu wa zamani wa serikali ya wanafunzi, kitivo cha sheria" hujamtaja jina lakini kila mtu hapo chuoni anamjua. Punguza, sema "aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi" na usiweke mwaka. Wape namba, orodha inayoonyesha namba ipi ni nani iweke mbali na maandishi ya mahojiano, na kabla hujaanza mwambie mtu anaweza kujitoa na hadi lini. Kamati ya maadili, ile inayopitia utafiti unaohusu watu, ikiona umefikiria haya peke yako, nusu ya wasiwasi wao umeisha.

Kama umefanya yote hayo na bado ni hapana tu, hapo ni vizuri ujue umesimama wapi. Ibara ya 19 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, hiyo wengi wanaijua. Isiyojulikana sana ni Maoni ya Jumla namba 13 ya mwaka 1999, ni ufafanuzi uliotolewa na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, mkataba ambao nchi zaidi ya 170 zimejiunga. Yanasema uhuru wa kitaaluma ni wa walimu na wanafunzi pia, unahusu kutafiti, kufundisha, kujadili na kuandika, na hata kutoa maoni yako kuhusu taasisi yenyewe unayosoma au kufanya kazi. Soma hapo tena, taasisi yenyewe! Afrika nako wanazuoni walitoa matamko mawili kuhusu uhuru wa kitaaluma ndani ya mwaka mmoja, la Dar es Salaam na la Kampala, yote 1990. Matamko hayo hayana nguvu ya sheria lakini kwenye barua ya rufaa yanaonyesha hujatunga hoja zako usiku wa jana.

Ila usisome upande mmoja. Maoni hayo hayo namba 13 yanakudai uheshimu uhuru wa wenzako na uhakikishe mawazo yanayopingana na yako yanajadiliwa kwa haki. Na mkataba wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, kwenye ibara yake ya 19, unaruhusu mipaka, ila lazima iwe imewekwa na sheria na iwe ya lazima kulinda haki au heshima ya wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya umma. Kwa hiyo mtu akikwambia "hairuhusiwi", swali la kistaarabu ni moja, hairuhusiwi na kifungu gani? Kuuliza hivyo sio utovu wa nidhamu.

Walimu mnaosoma hapa, kwenu ni karibu hayo hayo. Pendekezo la UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, la 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linasema msilazimishwe kufundisha kinyume na mnachokijua na dhamiri zenu. Lakini darasani kaa kwenye somo lako, mwalimu wa takwimu anayetumia nusu ya kipindi kusema siasa anawapa kazi rahisi wanaotaka kumbana mwenzake anayefundisha siasa kihalali.

Ukifika kwenye rufaa, fuata ngazi, mratibu wa programu, mkuu wa idara, kamati ya uzamili au kitivo, usiruke ukaandikie wakubwa moja kwa moja maana barua itarudishwa chini kwa yule yule uliyemlalamikia na sasa amekasirika. Barua iwe ukurasa mmoja, ambatanisha imeili zako kwa mpangilio wa tarehe na propozo zote mbili, ya kwanza na iliyorekebishwa, waone ulipotoka na ulipofika. Omba kitu kimoja tu, mada isomwe na mtu wa pili mwenye ujuzi wa eneo hilo. Ombi hilo ni gumu kulikataa bila kuonekana vibaya.

Na tafadhali usiposti skrinshoti za msimamizi wako kwenye magrupu wakati rufaa bado inaendelea, utapata laiki nyingi na utapoteza kesi. Angalia pia muda wa kukata rufaa kwenye kanuni zenu, sehemu nyingine ni siku chache tu tangu upewe uamuzi, kwa hiyo unahitaji tarehe ya uamuzi kwa maandishi, ndo maana ule ujumbe mfupi wa "kama tulivyozungumza leo" uutume siku hiyo hiyo.