Namna ya Kukabiliana na Mawazo Hasi Yanayojirudia Wakati wa Sonona

Wazo la kwamba huna thamani linapokurudia, usilifukuze kwa nguvu, kwa sababu wazo linalozuiwa huelekea kurudi, kama mwanasaikolojia Daniel Wegner alivyoonyesha mwaka 1987 alipowaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu huyo akaendelea kuwajia akilini. Badala yake, liandike kwenye karatasi neno kwa neno, kisha andika chini yake ni jambo gani hasa linalolithibitisha na ni lipi linalolipinga, ukijiuliza ungemjibu vipi rafiki mpendwa aliyekuambia maneno hayo hayo. Njia hii, yenye mizizi katika kazi ya daktari Aaron Beck wa Marekani katika miaka ya 1960, inakutaka ujihukumu kwa haki tu.

Ukiona unazunguka palepale bila kupata jibu jipya, weka kalamu chini, uinuke na kufanya kazi ndogo ya mikono, hata kuosha kikombe kimoja, bila kusubiri hamu ije kwanza. Siku nyingine hutaweza kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na mtu yeyote asiuite uvivu.

Usiache dawa ulizoandikiwa kabla ya kuzungumza na daktari. Mawazo yakigusa kujiua, mwambie mtu leo hii, nenda kituo cha afya, na usikae peke yako.