Jinsi ya kuangalia dokyumentari za mauaji bila kupelekwa pelekwa

Mi nilifundishwa na vijei. Yule wa kibanda cha video hapa Busia, enzi zile tunaingia na mia tano unakaa kwa benchi mpaka makalio yanakufa ganzi, yeye anatafsiri muvi kwa Luganda na kuongeza yake. Siku moja jamaa kwa muvi amesimama tu mlangoni hajasema kitu, vijei akaropoka kwa maiki eti huyo ndo muuaji, muoneni macho, basi kibanda kizima tukamchukia yule mtu saa nzima, kumbe ndo mpelelezi! Tangu hapo nikiweka dokyumentari yoyote ya mauaji nauliza kwanza, vijei wa hii ni nani? Maana yuko, ni vile tu humsikii.

Sasa unamtafutaje. Anza na muziki. Pale mshukiwa anapotokea mara ya kwanza zima sauti dakika mbili tatu, soma maandishi ya chini, umuangalie kavu kavu bila vile vinanda vya kutisha. Mara nyingi utakuta ni mzee amechoka anatafuta miwani yake.

Halafu mkasi, yaani vile wanakata na kuunga picha na sauti, na hapa ndo penye kazi. Dokyumentari ya The Jinx ya HBO ya 2015 ilinimaliza kabisa, Robert Durst, yule tajiri wa New York aliyeshukiwa mauaji, anaingia choo kasahau maiki bado inarekodi, anaanza kujiongelesha, unasikia anajiuliza amefanya nini halafu anajijibu amewaua wote. Nywele zilinisimama. Kumbe 2019, kesi yake ikiwa bado haijaanza kusikilizwa, maneno kamili ya ile rekodi yakatoka na sentensi zilikuwa zimepangwa upya, ile ya kuua aliitamka mapema, ile ya kujiuliza ikaja mwisho, na katikati kulikuwa na maneno mengine kibao. Sisemi hakuua, 2021 alipatikana na hatia ya kumuua rafiki yake Susan Berman na akafa Januari 2022, lakini lile swali na jibu tulivyosikia sisi, yeye hakuyasema hivyo. Kwa hiyo ukisikia sauti na mdomo huuoni, shtuka. Mtu anaongea, picha inahama ghafla kwenda kwa miti au mto umepigwa kutoka juu, hapo chini yaweza kuwa kuna mshono. Rudisha nyuma, sikiliza tena kama pumzi yake inaendelea ama imekatwa.

Weka daftari pia, andika tarehe tu zinavyotajwa, maana hawa watu hupenda kuruka mbele na nyuma mpaka usahau nini kilitangulia.

Angalia pia kamera ilialikwa na nani. The Staircase, ile ya Michael Peterson aliyeshtakiwa kumuua mkewe, kamera ilikaa sana na mawakili wake, na baadaye ikajulikana kuwa Sophie Brunet, mmoja wa waliokata hizo picha, alikuwa na mapenzi na Peterson mwenyewe. Dairekta anasema haikuathiri kazi. Haya. Mi mtu nikimpenda hata picha yake mbaya siiweki kwa status.

Drama nazo ziangalie tofauti, kule tukio linaweza kuwa la kweli lakini maneno ya chumbani yametungwa. When They See Us ya 2019 ni nzuri mno, wale vijana watano wa New York walifungwa bure kwa kesi ya ubakaji na hukumu zikafutwa 2002, hilo halina ubishi, ila Linda Fairstein, mwendesha mashtaka wa wakati ule, aliishtaki Netflix walioitoa kwa vile alivyoonyeshwa, na 2024 wakamalizana kwa Netflix kukubali kutoa dola milioni 1 kwa Innocence Project, shirika la kutetea waliofungwa bila hatia, yeye hakulipwa kitu.

Na usibebe koti, namaanisha mahakama, ya Marekani ukaileta hapa. Mjomba wangu kila siku ananiuliza wale raia 12 wa kwenye muvi wanaoamua kama mtu ana hatia wanakaa upande gani kwa Hai Koti yetu, namwambia mjomba, Uganda hakuna, jaji anakaa na wazee wa baraza, wanatoa maoni yao na jaji halazimiki kuyafuata. DNA nayo kwa drama inatoka kabla chai haijapoa, nenda pale maabara ya serikali Wandegeya uwaulize kama ni hivyo.

Ukimaliza usitume hukumu kwa grupu la WhatsApp usiku huo huo. Lala. Asubuhi soma habari za kesi yenyewe kwa magazeti ya kule, si kabla maana utajiharibia utamu. Shemeji yangu yeye episodi ya pili tu ashafunga mtu maisha, siku hizi rimoti hatumpi.